Chujio la Sauti

Kwanza nilisikia viatu. Vilikuwa vimejaa maji ya mvua, na kila hatua kwenye ngazi ilitoa mlio kama wa nguo inayokamuliwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chumba chetu cha kumbukumbu hakina dirisha, maana zamani kilikuwa stoo, kwa hiyo nilikaa gizani mbele ya kompyuta iliyozimika, nikisubiri jenereta iwashwe na nikipanga kichwani sentensi ya riwaya ambayo mpaka leo haijakubali kuisha. Viatu vikafika mlangoni vikasimama. Sauti ya mwanamke ikasema kwa nguvu, kana kwamba mimi niko ng'ambo ya ziwa:

"Ni hapa munachungaka masauti ya batu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, sauti za watu zinatunzwa hapa, akae kama atapata kiti. Hakukipata. Alikaa juu ya sanduku la kanda, nikamsikia akivua viatu na kumwaga maji yake nje ya kizingiti. Jenereta ilipoguna uani na taa ikawaka, nilimwona: mama wa makamo, kitenge kimelowa hadi magotini, simu amezungushia mfuko wa plastiki kama mtu anayefunga kipande cha samaki. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana, lakini aliendelea kuongea kwa sauti ileile kubwa. Baadaye nilielewa. Alikuwa ameishi miaka mingi na mtu asiyesikia vizuri, na koo lake lilikuwa limezoea hivyo.

Alikuwa ametoka Katana kwa gari la alfajiri. Mama yake, aliniambia, alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Picha moja iliyokuwapo ilipotea wakati wa kukimbia vita, na kwetu hakuna anayeuliza ni kukimbia kupi. Lakini shangazi yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba mama yake aliwahi kuimba kwenye redio hii, siku ambayo watu wa redio walifika kijijini na mashine yao, ingawa shangazi mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Baba yake bado yu hai. Alikuwa mpasua mbao maisha yake yote, kwanza kwa msumeno wa watu wawili, kisha kwa ule wa injini, na injini ndiyo iliyomla masikio. Sikio moja limekufa. La pili linakwenda, na daktari amewaambia wasisubiri lirudi.

"Mimi sauti yake siijuwe," akasema. "Hata mukinipa ya mwanamuke mwingine, nitalia tu bure. Ni papa peke yake anaijuwa. Na ile sikio iko inafunga."

Kisha akaniangalia, kama mtu aliyekwisha kuweka mzigo wake mezani na sasa anangoja upimwe.

Redio yetu ni ndogo, imening'inia kwenye mteremko wa Bukavu. Ukipanda juu ya paa unaliona ziwa na nyumba zikitelemka kuliendea. Ukiwa chumbani kwetu huoni chochote isipokuwa kanda. Kwa miaka mingi watangazaji walizunguka vijijini wakirekodi watu: wakulima, akina mama, watunga hadithi, wazee wenye kesi za mipaka. Kanda zilirundikwa, paa likavuja, nyingine zikaota ukungu. Fundi wetu wa mitambo, mtu mzima ambaye sote tunamwita papa, yaani baba, ndiye anayezihamisha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kazi yangu ni kusikiliza mwanzo wa kila rekodi na kujaza mstari mmoja katika jedwali. Vichwa vya safu viliandikwa kwa Kifaransa na aliyeanza kazi kabla yangu: Date, Langue, Lieu, Sexe, Thème. Siku, lugha, mahali, mwanamume au mwanamke, na rekodi inahusu nini. Safu ya jina hakuna. Katika vipindi vile watu hawakutaja majina, au waliyataja haraka mno huku kuku wakilia.

Jumamosi huwa nakutana na wenzangu wa duara la waandishi, kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja wa chai. Wananicheka. Wanasema romansiye wetu, yaani mtunzi wetu wa riwaya, anaandika kitabu chake ndani ya vijisanduku. Lakini mmoja wao, mshairi anayejipatia mkate kwa kufundisha kompyuta, ndiye aliyenionyesha chombo ambacho kompyuta yetu, inayosema Kifaransa, inakiita filtre avancé. Mimi nakiita chujio kubwa.

Chujio dogo kila mtu analijua. Unabonyeza kishale kilicho kwenye kichwa cha safu, unachagua neno moja, mistari mingine inajificha. Kwa swali fupi linatosha. Chujio kubwa linakutaka kwanza uandike swali lako. Pembeni, mbali kidogo na jedwali, unaweka vichwa vilevile vya safu, bila kubadili hata herufi, na chini yake unaandika masharti yako. Masharti yaliyo kwenye mstari mmoja lazima yatimie yote kwa pamoja. Ukishuka mstari wa pili, unasema: au hivi. Kisha unaiambia mashine ikanakili waliopita, iwapange mahali pengine, na jedwali lenyewe libaki lilivyo. Nililipenda hilo la mwisho tangu siku ya kwanza. Waliokosa kupita hawafukuzwi. Wanabaki pale pale walipokuwa, wakisubiri mtu atakayeuliza vingine.

Kwa hiyo nilimgeuzia yule mama kioo cha kompyuta na tukaandika pamoja. Lugha: Mashi. Mahali: Katana. Jinsia: mwanamke. Inahusu nini: wimbo. Kwa upande wa siku, alijua mwaka aliozaliwa na mwaka ambao wazazi wake waliingia kanisani, na mama yake hakuishi muda mrefu baada ya kumzaa. Nikamweleza kwamba ukitaka kitu kilicho kati ya siku mbili, lazima uandike kichwa cha Date mara mbili, upande mmoja usiwe kabla ya hapa, upande mwingine usivuke pale. Akatikisa kichwa polepole.

"Sawa vile batu banapima shamba," akasema. "Unaweka muti huku, unaweka muti kule."

Nikiri kwamba mimi tayari nilikuwa nausikia wimbo wenyewe. Nilikuwa nimeamua kwamba ni wa kubembeleza mtoto. Nilimwona mama kijana, mimba imeshaonekana, akiiimbia mashine ya watu wa redio kwa aibu. Katika kichwa changu riwaya nzima ilikuwa imeanza kunyesha. Nikabonyeza.

Vikaja vichwa vya safu tu. Date, Langue, Lieu, Sexe, Thème, na chini yake weupe. Ilikuwa kama meza iliyotandikwa na wageni hawakuja.

Nikashuka mstari wa pili, nikaandika Kihavu badala ya Mashi, maana watu wa kando ya ziwa huchanganya. Weupe tena. Nikashuka wa tatu, nikasita, sikuandika kitu, lakini nikausahau ndani ya eneo la masharti na kubonyeza. Safari hii mistari ilimiminika bila kuisha: wanaume, wanawake, Mashi, Kilega, Kifuliiru, Minova, Mwenga, hotuba za ufunguzi wa visima, wagonjwa, wachungaji. Papa fundi, aliyekuwa akisafisha kichwa cha mashine ya kanda kwa pamba, akainama kutazama.

"Mademoiselle, umeita Kivu muzima," akasema. "Sasa utabapikia nini?"

Mstari mtupu una maana yake katika chujio lile. Unasema: sina sharti. Na asiye na sharti hupewa wote. Yule mama hakucheka nasi. Alikuwa anaitazama mistari ikipanda, na nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza: yumo humu ndani. Kusikiliza wote kungechukua muda ambao sikio la baba yake halina.

Akasema atalala kwa binamu yake mjini na kesho atarudi. Akavaa viatu vyake vilivyolowa akatelemka ngazi.

Jioni ile nilimkuta mama yangu barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Jirani mpya alikuwa amekuja kujitambulisha, na wawili hao walikuwa wakiulizana maswali ambayo watu wa hapa huulizana kabla ya kukopeshana chumvi. Jirani akamuuliza mama yeye ni wa wapi. Mama yangu ameishi Bukavu tangu alipoolewa. Ametuzaa sote hapa, anajua kila mfereji unaofurika na kila ngazi iliyobomoka katika mtaa wetu. Bila kuinua macho kwenye ungo alijibu:

"Mimi niko wa Ngweshe."

Nilisimama na sahani yangu mkononi. Ngweshe ndiko alikozaliwa. Nimelisikia jibu hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia. Kwetu Washi, mwanamke akiolewa hachukui jina la mume. Huko kilimani, yaani kijijini, kwa mumewe ataitwa binti wa baba yake hata akizeeka, hata akizikwa huko. Wakwe humwita hivyo, majirani humwita hivyo, na ukimuuliza yeye ni wa wapi, anakutajia mahali moto wa mama yake ulipowashwa. Nikamwona mtangazaji wa zamani na kipaza sauti chake, amesimama Katana kabisa, matope ya Katana kwenye viatu, akimuuliza yule mama kijana: wewe ni wa wapi? Na mimi, miaka mingi baadaye, nikiwa na vipokea sauti masikioni, nimeandika kwa uaminifu mahali alipopataja.

Wanawake wangapi nimewapeleka hivyo kwa baba zao, sijui. Safu nzima ya Lieu ilinigeukia kichwani usiku huo. Wanaume wamekaa kwao. Wanawake wamerudi kwao.

Asubuhi yule mama alipoingia, nilimuuliza kabla hajakaa: mama yako alizaliwa wapi? Akasema alikuwa akiitwa binti wa fulani, na akanitajia jina la babu yake, lakini kilima chenyewe hakukijua. Ukoo wa mama ulitawanyika, na shangazi aliyekuwa na habari zote alishafariki. Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akashuka uani kumpigia baba yake.

Redio nzima ilisikia simu ile. Watangazaji walitoka studio kumwomba ashushe sauti, kisha wakasimama tu. Alikuwa akiita papa, papa, na kutoka kwenye simu mzee alimjibu kwamba mvua kwao imepungua, kwamba mbuzi wako salama, kwamba asisahau kula. Akamuuliza tena, mama alikuwa wa wapi. Mzee akamshukuru na kuwasalimu wote. Mwishowe jirani wa mzee akaichukua simu, akapokea swali, tukasikia kwa mbali akilipaza sikioni mwa mzee, akarudi na jibu.

Alipopanda ngazi hakuwa na haraka.

"Nyantende," akasema. Kisha, akiitazama simu: "Wiki iliyopita alikuwa angali anasikia telefone."

Nyantende. Unaweza kwenda na kurudi kwa miguu kutoka hapa mjini kabla jua halijazama. Niliandika masharti upya, mstari mmoja wa Katana na mwingine wa Nyantende, mengine yote kama jana. Nikabonyeza, na mstari mmoja ukaja. Tukafungua: kwaya ya akina mama, wengi, wakiimba kwa pamoja na kupiga makofi. Yule mama alivaa vipokea sauti akasikiliza hadi mwisho, akavivua.

"Ni nani kati yabo?" akauliza.

Papa fundi alirudisha nyuma na kuicheza tena, na mara ya pili nikasikia mtangazaji akisema mwanzoni kwamba hao ni wajane wa parokia. Mama yake hakuwahi kuwa mjane. Nikaizima.

Niliitazama safu yangu ya masharti, na neno lililokuwa likiniuma lilikuwa moja tu: wimbo. Mahali tulipewa na baba yake. Miaka tulipewa na yeye mwenyewe. Wimbo ulitoka kwa shangazi ambaye hakuwapo siku hiyo, na mimi niliudaka kwa mikono miwili kwa sababu ulinifaa. Niliutaka. Ningeufanyia nini mama wa mtu anayezungumzia, tuseme, mbegu? Chujio halikuwa na kosa. Lilikuwa linatii tamaa yangu, mstari kwa mstari.

Nikamwambia yule mama kwamba labda hakuimba. Alikasirika kidogo. Alisema shangazi yake hakuwa mwongo. Nikasema sijamwita mwongo, lakini mtu akisikia ndugu yake ametokea kwenye redio, miaka ikipita, kitu hicho huwa wimbo. Alifikiri, mikono imekaa juu ya mfuko wake.

"Toa basi," akasema. "Tutarudisha kama haifai."

Nikafuta neno lile katika mistari yote miwili, visanduku vikabaki vitupu. Nikabonyeza. Walikuja wanawake wachache, kiganja kimoja tu, wamesimama kwenye karatasi yao nyeupe mbali na umati: mmoja kwenye kipindi cha mbegu za maharagwe, mmoja akisimulia hadithi ya fisi, wengine kwenye mambo ya uzazi, ya njia iliyozibwa na jirani, ya maisha ya nyumbani. Yule mama aligusa kioo kwa kidole akishuka mstari baada ya mstari. Nilimuuliza kama anataka kusikiliza. Akakataa. Alisema hawezi kujichagulia mama. Atamleta papa.

Alimleta siku ya soko, gari likiwa limejaa kabichi. Mzee alipanda ngazi zetu akishika ukuta kwa kiganja wazi, kama anaupima. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na kwenye mfuko wa kifuani kalamu bapa ya maseremala, ingawa binti yake alisema hajagusa ubao kwa muda mrefu. Alitusalimu mmoja mmoja kwa sauti ya chini mno. Hao wawili walikuwa wamegawana: binti alichukua sauti yote, baba hakubakiwa na kitu.

Papa fundi alikuwa ameunganisha vipokea sauti vikubwa vya studio na kikuza sauti, na akapandisha hadi mimi niliyekaa upande wa pili wa chumba nikawa nasikia kila neno likivuja. Mzee akafumba macho. Mwanamke wa kwanza alizungumzia maharagwe. Mzee akainua mkono, akasema hapana, kwa adabu, kama anayekataa kuongezewa chakula. Wa pili alisimulia fisi na sungura, vizuri sana. Nilitamani awe yeye. Hapana. Wa tatu, hapana. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono miwili juu ya mabega ya baba, na kila hapana niliona vidole vyake vikikaza.

Kisha ikaja ile ya maisha ya nyumbani. Mtangazaji anawauliza wanawake ni jambo gani wangependa waume zao walijue. Kuna kicheko, kuna kusukumana. Halafu sauti moja inaingia, nyembamba, ya haraka kupita kiasi, kwa Mashi. Inasema mimi ni wa Nyantende, nimeolewa hapa, na nina shida ya unga wa mbao. Uko kitandani. Uko kwenye maharagwe. Nikifua nguo, maji yanakuwa uji. Niliolewa na mtu, inasema sauti, na kila jioni naletewa mti. Wanawake wanaangua kicheko. Sauti haicheki. Inauliza, kwa uzito kabisa, kama kuna msikilizaji anayejua dawa.

Mzee alifumbua macho. Hakusema huyu ndiye. Alijibu. Aliinamia ile mashine na kuiambia kwa Mashi, sasa kwa sauti kubwa, kwamba alikuwa akijikung'uta mlangoni, kila siku, na kwamba mke wake anajua hivyo, na kwamba unga wa mbao laini haumsikii mtu. Kisha akaona tunamtazama. Akavua vipokea sauti, akaviweka mapajani, ile sauti ikiendelea kulalamika mle ndani kama nyuki ndani ya chupa.

"Ni yeye," akatuambia. "Ju ya ile kipindi mtaa muzima banaanza kuniita Muti."

Binti yake aliinama akamuuliza sikioni kwa nguvu kama ni kweli mama alikuwa akiimba. Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Kuimba? Mama yako? Alikuwa anaimba sawa bata."

Papa fundi alicheka hadi akatoka nje. Niliporudisha rekodi mwanzo na kushusha sauti, binti akavaa vipokea sauti. Sikumtazama usoni, niliona si haki yangu. Nilitazama mikono yake. Ilishika vile vikombe viwili juu ya masikio, ikavikandamiza, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Ilipofika mwisho akaniomba kwa kidole niirudie. Na tena. Halafu akasema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikisema polepole, karibu kwa mnong'ono.

"Anasema mbiyo."

Baba yake aliona midomo ikitembea. "Unasema nini?" akauliza. Binti hakurudia kwa nguvu. Alimshika mkono tu, na mzee akaukubali kama jibu.

Tukawawekea rekodi kwenye kadi ya simu. Wakati inanakiliwa, nilimwandikia mzee swali kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, maana lilikuwa limenikaa rohoni tangu jioni ya ungo. Kwenye jedwali letu kila sauti ina kisanduku kimoja cha mahali. Mke wako nimwandike Katana au Nyantende? Alisoma kwa muda mrefu, kalamu yake bapa ameitoa kana kwamba atachora mstari wa kukata.

"Acha Nyantende," akasema. "Nilimuomba kwa baba yake, baba yake akanipa. Lakini ni wa kule."

Niliacha kisanduku kile kama kilivyokuwa, nikafungua safu mpya mwisho wa jedwali, nikaipa kichwa, na kwenye mstari wake nikaandika mahali aliposimama siku ile akizungumza. Tangu hapo nimekuwa nikiwarudia wanawake wote, mmoja mmoja, nikiwauliza kupitia vipokea sauti ni kilima gani kilichokuwa chini ya miguu yao. Wengi hawasemi. Kwa hao naacha kisanduku kitupu, na siku yoyote mtu akija kuwatafuta nitajua nisikiandikie sharti.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Mlango wetu huvimba majira haya na lazima uuvute mara mbili. Binti alitangulia ngazini na simu yake ndani ya mfuko, akituaga kwa sauti iliyorudi kuwa kubwa, ikimwambia baba achunge ngazi ya tatu, imevunjika. Mzee alifika kizingitini akasimama. Nilidhani amesahau kitu. Aliinamisha kichwa, akapiga piga mikono ya koti lake, wa kushoto, kisha wa kulia, akakung'uta magoti ya suruali iliyopigwa pasi, ambayo haikuwa na chembe ya unga. Alifanya hivyo bila haraka. Ndipo akatoka, akavuta mlango nyuma yake, ukakwama, akauvuta tena, ukafunga.